Je, wajua ni kwa nini hakuna nadharia ya kisayansi iliyothibitishwa kwa asilimia 100?

Mwaka 1687 Isaac Newton alitangaza kanuni yake ya uvutano, na kwa zaidi ya miaka 200 kanuni hiyo ilieleza kujaa na kupwa kwa bahari, kurudi kwa kometi ya Halley na mwendo wa sayari kwa usahihi wa kustaajabisha. Kama kuna nadharia iliyostahili kuhesabiwa kuwa imethibitishwa moja kwa moja, basi ni hiyo. Hata hivyo, haikuwa sahihi kikamilifu.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye mantiki. Nadharia hutabiri kwamba jambo fulani litaonekana; likionekana, nadharia imefaulu mtihani mmoja tu, kwa kuwa nadharia nyingine iliyo tofauti nayo kabisa ingeweza kutabiri jambo lilelile. Isitoshe, kanuni inayodai kutawala kila mahali na kila wakati haiwezi kupimwa kila mahali na kila wakati. Ndiyo maana mwanafalsafa Karl Popper alishikilia, mwaka 1934, kwamba ushahidi hata uwe mwingi namna gani hauithibitishi nadharia, ilhali tukio moja linalopingana nayo linatosha kuikanusha. Hoja hiyo ina uzito, lakini wanafalaki wa karne ya 19 walikuwa wamekwisha kukutana na hali inayoonyesha kwamba hata kukanusha si kazi nyepesi.

Sayari ya Uranusi, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1781, ilikataa kufuata njia iliyopangiwa na hesabu za Newton. Kwa kipimo kikali cha Popper, kanuni ingepaswa kutupwa papo hapo. Badala yake Urbain Le Verrier, mwanahisabati wa Ufaransa, alikisia kwamba ipo sayari isiyojulikana inayoivuta Uranusi, akakokotoa mahali ilipo, kisha akamwandikia Johann Galle wa kituo cha falaki cha Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle alielekeza darubini upande huo na kuikuta sayari ya Neptuni, umbali usiofika digrii moja kutoka mahali palipotajwa.

Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo alitangaza kasoro nyingine, safari hii katika mwendo wa sayari ya Zebaki. Mahali ambapo sayari hiyo hulikaribia Jua zaidi huhama kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya kuhama huko husababishwa na mvuto wa sayari nyingine. Lakini baada ya mivuto yote kuhesabiwa, kulisalia ziada ambayo vipimo vya baadaye viliiweka kwenye sekunde 43 za tao kwa karne. Digrii moja ina sekunde 3,600 za aina hiyo, kwa hiyo ziada hiyo huhitaji zaidi ya miaka 8,000 ili ifikie digrii moja. Ni kasoro ambayo mtu asiye mwanafalaki angeicheka. Le Verrier alitumia dawa ileile iliyomfaa kwanza: alisema kwamba kati ya Zebaki na Jua imo sayari nyingine, nayo ikapewa jina la Vulcan. Daktari mmoja wa mashambani aliyependa kutazama anga alidai kuwa ameiona ikipita mbele ya Jua, na watu waliitafuta kila Jua lilipopatwa. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado anaiamini, lakini sayari hiyo haikuwepo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba nadharia yake mpya ya uvutano inazitoa zile sekunde 43 bila kuongeza sayari yoyote.

Mtu ni yuleyule na mbinu ni ileile. Mara ya kwanza alipatia, mara ya pili akakosea, na hapakuwa na kanuni ya kufikiri ambayo ingemwambia mapema ipi ni ipi. Mwanafizikia Pierre Duhem alieleza sababu yake mwaka 1906: nadharia haipimwi peke yake, bali pamoja na kundi zima la dhana zinazoisindikiza, kwa hiyo matokeo yanapokwenda kombo tunajua kwamba kuna kosa mahali fulani, lakini hatujui liko wapi.

Hayo hayaifanyi sayansi kuwa sawa na maoni ya yeyote. Kanuni ya Newton bado hutumika kupanga sehemu kubwa ya safari za vyombo vya angani, na Einstein mwenyewe alilazimika kuhakikisha kwamba nadharia yake inatoa majibu yaleyale pale ambapo mvuto ni dhaifu. Nadharia yake nayo haijapatanishwa na fizikia ya kwanta, yaani ile inayoeleza tabia za atomu na chembe ndogo zaidi.

Leo swali la Le Verrier limerudi kwa ukubwa wa kutisha. Nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi isiyoweza kuelezwa na maada tunayoiona. Wanasayansi wengi wanasema kwamba ipo maada nyeusi isiyotoa mwanga, yaani wanatafuta Neptuni nyingine. Wachache wanashuku kwamba kanuni yenyewe ya uvutano ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Vifaa vilivyofukiwa ndani kabisa ya ardhi ili kuinasa chembe ya maada hiyo havijatoa jibu lililokubalika na wote, na wale wanaotaka kurekebisha kanuni bado hukwama wanapofika kwenye makundi makubwa ya galaksi.