Je, wajua kwa nini Porsche iliunda magari 25 ya mbio kwa mkupuo mmoja?

Tarehe 21 Aprili 1969, wakaguzi wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, walikuta magari 25 ya Porsche 917 yamepangwa mstari mmoja kiwandani Zuffenhausen, Ujerumani Magharibi. Timu ya mbio huhitaji magari machache tu. Hayo mengine yalikuwa ya nini?

Jibu limo katika kanuni. Kuanzia mwaka 1968, magari ya majaribio (prototype), yaani ya mbio yasiyolazimika kuundwa kwa idadi maalumu, yaliwekewa kikomo cha injini ya lita 3, ilhali magari ya spoti yaliruhusiwa kufika lita 5 mradi mtengenezaji aunde angalau 50, idadi ambayo baadaye ilishushwa hadi 25. Nafuu hiyo ililengwa kwa magari yaliyokwishakuwapo, kama Ford GT40 na Lola T70, na ni wazi kwamba haikutarajiwa kampuni yoyote ingethubutu kuunda gari jipya kabisa la mbio mara 25. Ferdinand Piëch wa Porsche aliuona mwanya huo, akaupita.

Wakaguzi walipofika mara ya kwanza, mwezi Machi, mengi yalikuwa bado vipande vipande, nao wakakataa kuyaidhinisha, hivyo hata watumishi wa ofisini wakaitwa kusaidia kuyaunganisha.

Lilikuwa gari la kustaajabisha: injini ya silinda 12 iliyopozwa kwa hewa, kirungu cha gia cha mti mwepesi wa balsa, na fremu ya mabomba ya alumini yaliyojazwa gesi, ili shinikizo likishuka mafundi wajue kuna ufa. Hata hivyo, kanuni ilihesabu magari tu, haikupima kama yanatulia barabarani. John Woolfe, dereva Mwingereza aliyejinunulia 917, alifariki katika mzunguko wa kwanza wa Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka huohuo.

Tiba ilipatikana baadaye huko Austria, pale mhandisi John Horsman alipogundua kuwa wadudu waliokufa walitapakaa kwenye bodi lakini si kwenye mabawa ya nyuma, maana yake hewa haikuyagusa. Mkia ukainuliwa, gari likatulia, na 917 ikashinda Le Mans mwaka 1970 na 1971. Mwaka 1972 kanuni mpya zikayaondoa magari ya lita 5 katika ubingwa wa dunia.