Mjeda mstaafu na presha: mazoezi ya zamani hayakulindi leo
Kuna hii imani mtaani kwamba mtu aliyepiga kwata miaka 30 presha haimgusi, eti mwili umeshakomaa. Si kweli jamani. Faida ya mazoezi inadumu ukiendelea nayo, ukistaafu ukahamia kijiweni kwenye bao na kahawa, ndani ya wiki chache tu pumzi inaanza kushuka, halafu ugali unabaki ule ule wa mesi, sahani ya mtu anayekimbia kila asubuhi.

Na presha mara nyingi haiumi kabisa, unaweza kuwa na 170/100 na unacheka tu, ndo maana wazee wengi wakiona kipimo kimerudi 125/80 wanaacha dawa wakidhani wamepona, wakati hicho kipimo kizuri ndo kazi ya dawa yenyewe, ukiacha inapanda tena.

Kingine ambacho watu hawakisemi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Magoti na mgongo vilivyobeba mabegi mazito vinauma, mzee anapita duka la dawa ananunua anameza kila siku, kumbe inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na kama ana sukari pia ndo balaa. Kliniki taja kila unachomeza, hata za dukani.