Je, wajua kwa nini samaki kumi kwenye gemu lako wanaweza kuwa samaki mmoja tu?

Hili swali mi mwenyewe nililijibu vibaya karibu wiki mbili nzima. Nilikua naandika kigemu cha uvuvi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, jioni jioni baada ya kazi, hapa Kirumba, yani upo kwenye mtumbwi unashusha ndoano, sangara wanapita chini. Klasi ya Sangara, yani maelezo ya jinsi sangara anavyotengenezwa, nilishaimaliza, nikataka wawe kumi, nikaandika listi inaitwa ziwa, hivi:

ziwa = [Sangara()] * 10

Ukiisoma haina shida, sangara mara kumi. Nikawasha gemu, anaonekana mmoja tu, afu anakimbia kama bodaboda anayewahi abiria wa kivuko. Spidi niliweka pikseli 2 kila fremu, fremu 60 kwa sekunde, dirisha lina upana wa pikseli 800, kwa hiyo kuvuka alitakiwa atumie kama sekunde 7, yeye anavuka chini ya sekunde moja. Nikasema basi hao tisa hawajachorwa, na spidi nimekosea hesabu, nikaishusha mpaka 0.2 akawa anaogelea vizuri tu, mpweke. Nikamvua. Samaki mmoja, pointi 10.

Kumbe kuchora hakukua na shida, na spidi haikua na shida. Shida ni kwamba mi niliamini klasi ni kama mashine ya fotokopi, ukiitaja tu na kuzidisha basi inatoa nakala, na alama ya = nayo niliichukulia hivohivo, kwamba sangara2 = sangara1 inazaa samaki wa pili. Haizai kitu. Inampa samaki yuleyule jina la pili.

(Mambo ya klasi na objekti yameanzia Norwei miaka ya 1960, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard na lugha yao ya Simula, walikua wanataka kuiga mifumo ya kweli ndani ya kompyuta. Historia tuiishie hapo.)

Sasa chukulia upo mwaloni. Fundi ametengeneza mtumbwi mmoja kwa kufuata mchoro wake, na wanunuzi kumi wa dagaa kila mtu kauandika jina kwenye daftari lake. Madaftari kumi, mtumbwi mmoja. Ukitoboka, umetoboka kwa wote kumi, hakuna atakayefungua daftari lake akakuta wake mzima. Listi yangu ilikua ndo hayo madaftari. Ule mchoro wa fundi ni klasi, mtumbwi wenyewe ni objekti, na yale mabano matupu mbele ya Sangara ndo kumwita fundi kazini, sasa mi nilimwita mara moja, nikazidisha madaftari.

Na ile spidi? Kila fremu lupu, yani kodi inayojirudia, inapita kwenye listi inamwambia kila samaki "sogea". Wote ni yuleyule, kwa hiyo anaambiwa mara kumi, na yeye anatii mara zote kumi, 2 mara 10 ni pikseli 20. Hesabu ya pointi nayo ikapita mulemule, ikakuta maiti kumi.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba namba hazina huu ubishi. [0] * 10 inafanya kazi vizuri, ukibadilisha ya kwanza zingine zinabaki sifuri, maana sifuri huwezi kuitoboa kwa ndani, unachofanya ni kufuta mstari kwenye daftari moja ukaandika namba nyingine.

Unaweza kuuliza kwa nini Python isitoe nakala tu tukapumzika. Mi nililaumu hivo pia, mpaka nikaifikiria ndoano. Ndoano ikimnasa samaki inabaki na jina lake, ingekua inapewa nakala ningeivua hiyo nakala naivuta mpaka juu, huku sangara mwenyewe anaendelea kuogelea chini hana habari. Ila usibebe hili kila lugha, kwenye C#, lugha inayotumika kwenye Unity, programu ya kutengenezea magemu, vitu vya klasi vinafanya hivihivi lakini Vector2 sio klasi, ni struct, yenyewe ukiipa jina la pili inanakiliwa kweli.

Dawa ni kumwita fundi mara kumi:

ziwa = [Sangara() for _ in range(10)]

Ukitaka kuhakikisha, iulize Python ziwa[0] is ziwa[9], yani hawa ni yuleyule? Mwanzo ilinijibu True bila aibu, baada ya kurekebisha ikasema False, nikawasha gemu nikakuta sangara kumi, kila mmoja na kina chake, hawasogei. Nikajua nimeharibu tena. Walikua wanasogea bana, ile 0.2 nilisahau kuirudisha, kuvuka dirisha ilikua inawachukua zaidi ya dakika moja.