Ukurasa wa mseto katika shajara ya sanaa ni kitu gani?

Shajara ya sanaa ni daftari ambalo mtu hutunzia siku zake kwa rangi, picha na maneno. Ukurasa wake huwa wa mseto pale vifaa vya asili tofauti vinapokutana juu ya karatasi moja: rangi, wino, penseli, gazeti, kitambaa, uzi, hata mchanga. Ila kukutana peke yake hakutoshi. Ukibandika picha kumi ulizokata magazetini umetengeneza kolaji, na kolaji ni mbinu mojawapo tu ndani ya mseto. Kiini chake ni tabaka. Kila kifaa kinalala juu ya kingine, kinakifunika kiasi na kukiacha kichungulie kiasi, na ukikiondoa kimoja ukurasa unapwaya.

Mbinu hii ilipata nguvu Ulaya mwaka 1912, Pablo Picasso alipobandika kwenye mchoro wake kitambaa kilichochapwa mfumo wa henzirani za kiti, akauzungushia kamba badala ya fremu. Mwaka huohuo Georges Braque naye akabandika karatasi ya ukutani iliyochapwa ifanane na mbao. Kwa upande wa shajara, Frida Kahlo wa Meksiko, aliyefariki mwaka 1954, aliacha daftari ambalo ndani yake maneno, wino na rangi vinapandana.

Tuje Mwanza. Umevuka ghuba kwa kivuko cha Kamanga na unataka siku hiyo ikae kwenye kaunta buku lako. Karatasi yake ni nyembamba. Ukiipaka rangi ya maji moja kwa moja, nyuzinyuzi zake zinavimba upande mmoja na ukurasa unajikunja. Kwa hiyo bandika kurasa mbili tatu pamoja kwa gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, zikauke chini ya kitu kizito, kisha paka rangi nyeupe ya maji, hii ya ukutani inayouzwa hadiwea. Huo ndio msingi. Wachoraji wenye uwezo hununua jeso, rangi nyeupe ya msingi iliyotengenezwa maalumu kwa wachoraji, kwa kazi hiyo, lakini kwa daftari la nyumbani sioni sababu ya mtu kusubiri apate jeso ndipo aanze.

Juu ya msingi paka bluu ya ziwa, nzito chini, nyepesi juu. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tafuta kipande cha wavu wa dagaa kilichochakaa, kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba hakikosekani, ukifue kwa sabuni na kukianika hadi harufu iishe. Kilaze juu ya bluu iliyokwisha kukauka. Chovya sponji kwenye rangi nyeupe, ipanguse karibu yote kwenye gazeti, kisha gongagonga taratibu juu ya wavu. Ukiunyanyua utakuta vidoti vyeupe vimejipanga kama magamba ya samaki, na kati yake mistari myembamba ya bluu pale nyuzi zilipokaa. Sponji ikibeba rangi nyingi, rangi hupenya chini ya nyuzi na vidoti vyote vinaungana kuwa doa.

Miamba itoke kwenye karatasi ya kaki, na uichane kwa mkono. Mkasi huacha ukingo mkali. Mkono huacha ukingo wenye manyoya unaopokea penseli vizuri. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani Mwanza, linapendeza kwa jinsi lilivyokalia mawe mengine, kwa hiyo panga vipande vipandane na uweke kivuli cha penseli pale jiwe moja linapogusa jingine.

Risiti za EFD, zile za mashine za dukani, zitoe fotokopi kwanza. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na maandishi hufifia yakikaa kwenye mwanga au joto. Gazeti nalo hugeuka manjano kwa muda. Kama rangi hiyo haikusumbui, libandike.

Kanuni moja haina mjadala: rangi ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Edward Saidi Tingatinga alifanya maajabu kwa rangi za mafuta za vibati, lakini alipaka juu ya ubao mgumu. Kwenye karatasi ya daftari mafuta hupenya hadi ukurasa wa nyuma na huchelewa kukauka. Kama lazima yawepo, yawe tabaka la mwisho, tena kidogo.

Kisha maandishi, ambayo wengi huyaruka. Bila neno la mwenyewe umepata picha nzuri, lakini shajara bado. Andika juu ya bluu, au andika kwanza kisha ufunike nusu kwa rangi. Kama kuna jambo hutaki kila anayefungua daftari alisome, bandika jiwe la kaki ukingo mmoja tu ili lifunguke kama mlango, na uandike chini yake, kwa Kiswahili au Kisukuma.

Daftari litanenepa haraka. Kabla hujaanza, kata kurasa kadhaa hapa na pale, ukiacha kipande chembamba karibu na uti wake ili mshono usilegee. Na usilifunge siku hiyohiyo: gundi na rangi huonekana zimekauka juu huku chini bado mbichi. Ukija kulifunga, weka kati ya kurasa kipande cha nailoni ya kufungia madaftari ya shule, ukiondoe baada ya siku mbili.