Je, wajua kwa nini kitufe kimoja humwamsha mtoto ambaye televisheni haimgusi?

Kwa jirani yangu mmoja hapa Makorora, Tanga, televisheni huwashwa asubuhi na kuzimwa watu wakienda kulala. Mbele yake, juu ya godoro, hulala binti wa miaka 9. Hasemi, hatembei, hawezi kushika kijiko. Katuni hupita, taarabu hupita, taarifa ya habari hupita, naye macho yake huzunguka chumba bila kutua popote.

Siku moja aliwekewa chini ya kiganja kitufe chekundu, kipana kama kisosi, chenye waya ulioingia kwenye kompyuta. Mkono ukakigusa kwa bahati. Skrini iliyokuwa nyeusi ikatokeza duara kubwa la njano, ngoma ikalia, kisha giza likarudi. Akatulia tuli. Siku ya nne alicheka kwa sauti. Bibi yake akaniuliza: "Mwanangu, rangi na ngoma zimejaa humo kwenye TV kutwa kucha. Mbona huko hajali?"

Jibu la bibi huyu lilipatikana zamani, kwenye vitanda vya watoto wachanga. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kutoka kwenye kifundo cha mguu wa mtoto hadi kwenye vinyago vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, vinyago vinacheza. Mwaka 1969 yeye na mumewe walichapisha walichokiona: watoto wa miezi 2 hadi 3 waling'amua jambo hilo ndani ya dakika chache, wakaanza kurusha mguu kwa bidii. Kundi jingine lilichezeshewa vinyago na mtu mzima, wao wakitazama tu. Hao miguu yao haikuongeza kasi. Mwaka 1972 John Watson na Craig Ramey walitumia mto badala ya utepe: kichwa cha mtoto wa wiki 8 kikisogea juu ya mto, vinyago vinazunguka. Dakika 10 kila siku, kwa wiki mbili. Baada ya siku chache watoto hao walianza kuvitabasamia vinyago na kuviongelesha kwa vile visauti vya kitoto.

Kwa hiyo furaha haitoki kwenye rangi wala ngoma. Inatoka kwenye kugundua kwamba "mimi ndiye niliyefanya". Televisheni haimjibu mtu. Ukikohoa inaendelea, ukilia inaendelea.

Mtoto mwingine wa Tanga hulipata somo hili bure, mara mia kwa siku. Anafikia kengele ya baiskeli ya baba yake, anaibonyeza, inalia, anabonyeza tena mpaka anafukuzwa. Anaangusha kijiko, mama anaokota, anakiangusha tena. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili, ambaye mara nyingi ana mtindio wa ubongo pia, viungo vyake havimpi nafasi hizo. Analishwa, anageuzwa, anaogeshwa, na yote hayo kwa mapenzi, lakini hayamwachii hata jambo moja la kulianzisha yeye. Programu ya swichi, yaani ya kompyuta inayoendeshwa kwa kitufe kimoja kama kile chekundu, ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo.

Swichi yenyewe haina maarifa yoyote. Ikibonyezwa inaunganisha nyaya mbili, na kompyuta inadhani mtu amebofya kipanya. Fundi redio anaweza kuitengeneza: anafungua kipanya kichakavu, analehemu nyaya mbili kwenye kibonyezo cha kushoto, anazivuta hadi kwenye vipande viwili vya boksi vilivyofunikwa foili, na katikati anaweka sponji yenye tundu. Ukikandamiza, foili zinagusana kupitia tundu lile. Hata simu na vishikwambi vingi vya Android vina mpangilio wa kuendeshwa kwa swichi, na vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu. Naitamani sana siku ambayo kila kitengo maalumu katika shule zetu kitatenga kimoja kwa watoto hawa.

Maarifa yako kwenye programu. Mwanzoni mguso mmoja huleta jibu moja: picha moja kubwa kwenye giza, kwa sababu wengi wao wana uoni hafifu na picha zilizojaa vitu huwachanganya. Jibu linadumu sekunde chache tu, kisha kimya, ili mtoto awe na sababu ya kugusa tena. Mkono ukitetemeka na kugusa mara tano, programu inahesabu mara moja. Mkono ukilala juu ya kitufe, haijirudii ovyo. Baadaye zinakuja hatua za kugusa mara kadhaa ili kujenga picha, kugusa kwa wakati wake, na mwisho kuchagua: fremu inahama kutoka picha ya maji kwenda ya muziki, naye anabonyeza ikifika anapotaka. Wapo watakaobaki hatua ya kwanza miaka mingi, na bado ni hatua yao halali. Tahadhari moja isipuuzwe: kifafa ni cha kawaida kwa watoto hawa, kwa hiyo mwanga usiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde.

Wala si lazima iwe mkono. Swichi hukaa palipo na mwendo ambao mtoto anauweza: goti, shavu, kidole gumba cha mguu.

Kinachoharibu kazi ni haraka yetu wakubwa. Mtoto anachelewa, sisi tunamshika mkono na kumbonyezea, na papo hapo tumeigeuza swichi kuwa televisheni. Huenda akahitaji nusu dakika kuuandaa mkono wake. Kaa kimya. Usimhimize, usimwite jina, hesabu moyoni.

Na utajuaje kwamba anaelewa, habahatishi? Chomoa waya halafu mtazame. Asiyejua ataendelea vilevile. Anayejua atagusa zaidi, kwa nguvu zaidi, kisha atatafuta kuna nini.

Pale Makorora hatukuhitaji kuchomoa. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, betri yake imekufa, na wiki ya tatu umeme ukakatika saa kumi jioni. TV ilikuwa ikizimika hivyo miaka yote bila binti yule kupepesa jicho. Safari hii alibonyeza. Akabonyeza tena. Akakipiga kitufe kwa kiganja kizima, mara tatu, kisha akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakatua usoni mwa bibi yake.

"Umeme umekatika, mama," bibi akamwambia. "Subiri kidogo, utarudi."