Kilti si sketi ya kike
Mwanamume akipita mitaa ya Glasgow, Uskoti, siku ya kawaida amevaa kilti, vazi la marinda linalofika magotini, wapo wageni wanaogeuka na kucheka: amevaa sketi ya kike! Si kweli hata kidogo. Vazi hili lilianza kwa wanaume wa nyanda za juu za Uskoti, mwishoni mwa karne ya 16. Lilikuwa shuka kubwa la sufu lililokunjwa marinda na kukazwa kwa mkanda. Usiku likawa blanketi. Walilivaa kazini na vitani, na hata sheria ya 1746 iliyolipiga marufuku iliwalenga wanaume, isipokuwa askari wa mfalme. Aliyekaidi alifungwa miezi 6. Marufuku iliondolewa 1782. Kwa hiyo anayevaa kilti kwenda dukani ana haki kamili, wala hahitaji kusubiri siku ya sherehe kama harusi.