Springi za nyuma za pikapu ya porini: anza kwenye mizani

Mtu anayetaka kubadilisha mfumo wa nyuma wa pikapu yake huanza kunieleza barabara anazopita. Mimi huanza na uzito: ekseli ya nyuma inabeba kilo ngapi gari likiwa tupu, na ngapi likijaa? Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mashimo na mawe yatafuata.

Panda mizani magurudumu ya nyuma peke yake, tenki likiwa limejaa na tairi la akiba likiwa mahali pake. Andika. Kisha pakia mzigo unaobeba kweli siku ile mbaya kuliko zote, wala si ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, pima tena. Kwenye kila namba toa kama kilo 200, kadirio la ekseli yenyewe na magurudumu yake, kwa sababu huo ni uzito ambao springi haiubebi.

Tuchukue mfano: zimebaki kilo 500 gari likiwa tupu na 1,500 likiwa limejaa. Ukifunga springi ngumu, zinazohitaji kilo 7 kushuka milimita moja kila upande (14 kwa pande mbili), gari tupu litazikandamiza milimita 36 na lililojaa milimita 107. Nyuma itashuka sentimita 7 tu. Ukifunga koili (springi za chuma cha duara kilichozungushwa) laini za kilo 3.5 kila upande, nyuma itashuka milimita 143. Kama gari tupu lilikuwa na milimita 170 kati ya ekseli na raba ya kugotea, sasa zimebaki 27, na kila shimo ni ngumi kwenye chasisi.

Sasa geuza upande wa pili. Chukua mkandamizo kwa sentimita, tafuta kipeuo chake cha pili, gawa 5 kwa jibu hilo. Utapata gari linataka kudunda mara ngapi kwa sekunde. Springi ngumu, gari tupu: mara 2.6. Ndiyo maana pikapu tupu kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati inaruka mkia na kuhamia upande. Likijaa, inakuwa 1.5, safi kabisa. Koili zile laini zinatoa 1.9 tupu na 1.1 limejaa, ulaini wa gari la nyumbani, ila hazina nafasi ya kushuka. Hakuna springi moja isiyobadilika inayoridhisha ncha zote mbili za pengo la kilo elfu moja. Anayekuahidi hivyo anakuuzia rangi.

Springi za majani, zile za mapande marefu ya chuma yaliyopangwa, zinadumu kwenye pikapu kwa sababu zinafanya kazi nne kwa kifaa kimoja: zinabeba mzigo, zinazuia ekseli isiende mbele na nyuma, zinaizuia isihame kushoto na kulia, na zinapambana na msokoto wa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Toyota ilipoweka koili mbele kwenye Land Cruiser 78 na 79 mwaka 1999, nyuma ilibakiza majani. Na pengo lile la uzito watengenezaji wanalitibu kwa majani mazito ya chini, helpa, yasiyoguswa hadi mzigo ufike.

Udhaifu wake ni ile kazi ya nne. Ukiwa kwenye gia ya kwanza ya nguvu ukipanda mwamba, difu inainua pua, springi inajikunja umbo la S, halafu inaachia ghafla, tairi linaruka. Krosi za propela, viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, ndizo zinazolipa. Kwenye pikapu nyingi shokapu moja imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, nia ni hiyohiyo ya kutuliza msokoto. Ukihamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake ili kuinua gari, umeongeza msokoto. Hapo weka mkono wa kuzuia difu isiinuke, na upande wake wa chasisi ufungwe kwa shakoli, kiungo kinachobembea. Ukifungwa moja kwa moja unapigana na springi, na kinachopasuka ni mabano.

Kinachovunjika sana kwenye majani huanza na yu-bolti zilizolegea, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Zikilegea, mapande yanateleza juu ya kiti chake na kazi yote ya kushika ekseli inaangukia senta bolti, bolti nyembamba ambayo kazi yake ni kupanga mapande tu. Inakatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linatembea upande upande, kama kaa. Kila ukifungua, weka yu-bolti mpya (uzi wake ukishavutika haurudi), kaza kwa msalaba, na rudia kukaza baada ya kilomita 500. Bolti za bushi, zile raba ndani ya macho ya springi (matundu ya ncha zake), zikazwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa limening'inia juu ya jeki, raba imeshasokotwa kabla hujatoka gereji, na itachanika mapema. Na pande lililovunjika usilichomelee: chuma cha springi kimepikwa kwa joto maalumu, welding inakiua pale pale pembeni ya mshono.

Zipo pia springi za mapande mawili au matatu, manene katikati na membamba kuelekea ncha, yasiyogusana njiani. Ni laini kwa sababu hakuna chuma kinachosugua chuma, lakini msuguano ule ulikuwa unasaidia shokapu, kwa hiyo shokapu za zamani hazitatosha. Na likivunjika moja kati ya mawili, umebaki na nusu ya springi.

Koili hubeba uzito tu. Zile kazi tatu nyingine unazinunulia fimbo. Land Rover 110 ya mwaka 1983 ilitumia fimbo mbili za chini na fremu ya umbo la A juu ya difu yenye balijointi (kiungo cha tufe) moja. Nissan Patrol za koili za Y60 na Y61, pamoja na Land Cruiser 80, zinatumia fimbo nne za kwenda mbele na moja ya kukingama, kutoka chasisi hadi ekseli. Hii ya kukingama ndiyo wanaoinua magari huisahau, nayo ni hesabu ya dakika moja. Tuseme ina urefu wa milimita 900 na imelala usawa. Ekseli ikipanda milimita 120, inahama pembeni milimita 8, hutahisi. Sasa inua gari bila kuhamisha mabano, fimbo ikaanza na mteremko wa milimita 100, kisha ekseli ishuke 120 zaidi: inahama karibu milimita 22. Nyuma inakupiga teke kila tuta. Suluhisho ni kuinua bano la upande wa ekseli hadi fimbo ilale tena.

Anayetengeneza fimbo mwenyewe azitenganishe za juu na za chini, pale kwenye ekseli, angalau robo ya kipenyo cha tairi. Zikikaribiana, nguvu ya msokoto inaongezeka kwenye bushi na mabano.

Nyuma inayojitegemea kila gurudumu, kama ya Pajero za tangu 1999, ni raha barabarani. Kwa pikapu ya mzigo siihitaji: ina viungo vingi, na gari likilemewa, tumbo la katikati linashuka kuelekea mawe, wakati difu ya ekseli nzima hubaki palepale juu ya ardhi.

Kwa hiyo, pengo likizidi kilo 500, baki na majani yenye helpa na tafuta shokapu nzuri. Land Cruiser za watalii za Arusha, zilizorefushwa chasisi na kubebeshwa bodi nzito siku zote, ni kesi nyingine. Abiria saba na mabegi yao hawazidi sana kilo 600 juu ya uzito ambao tayari ni mkubwa, kwa hiyo springi inaweza kupangwa kwa uzito huo na ikabaki laini. Gari la kambi lenye friji, maji na hema juu mwaka mzima linafaa koili, mradi uzipime likiwa na vitu vyote.

Ukibaki na majani, beba pande la kwanza la akiba, lile lenye macho mawili, senta bolti mbili na yu-bolti nne. Mapande mengine yakivunjika yatakufikisha; hilo la kwanza likikatika karibu na jicho la mbele, ekseli haina tena kinachoishika.